SOMO LA MWEZI: KUJENGA NYUMBA KANDO YA ZIWA
Kwa familia zinazotoka Rumonge, Nyanza-Lac na mwambao wote wa Tanganyika



Mwezi huu tunawaletea somo linalohusu roho na mwili pamoja. Tunawaomba wazee wa kanisa walifundishe katika makundi ya nyumba kwa nyumba, na wale wanaojua kusoma wawasomee wasiojua. Akina mama, vijana na watoto wa Shule ya Jumapili wote washiriki, maana maji yanapokuja hayachagui umri.

Masomo ya kusoma: Mathayo 7:24-27, Luka 13:1-5, Mwanzo 41:33-36, Matendo 11:27-30, Mithali 22:3.

Lengo la somo: Kila familia ijue hatari zilizopo kando ya ziwa, ichague vizuri mahali pa kujenga siku itakapofika nyumbani, na iwe tayari kuokoa watu wake kabla ya msiba.

UTANGULIZI

Wengi wetu hapa makazini tulitoka kando ya Ziwa Tanganyika. Wengine walikimbia mwaka 1972, wengine 1993, wengine 2015. Kuna ndugu ambao wamekwisha kurudi, na wengine wanafikiria kurudi. Watu hao huuliza habari za shamba, za michikichi, za shule ya watoto na za amani. Hayo ni maswali mazuri. Lakini kuna swali moja ambalo watu wengi hawaulizi: Je, kiwanja nitakachojenga, maji huwa yanafika hapo?

Swali hili lina uzito kwetu kuliko kwa watu wengine. Vijana wengi waliozaliwa makambini hawajawahi kuliona ziwa hata siku moja. Wakifika Rumonge wakati wa kiangazi, wataona mchanga mkavu, uwanda mzuri, na ardhi ambayo haina mtu. Watafurahi na kusema, "Hapa ni pazuri, tujenge." Hawatajua kwa nini pameachwa wazi.

1. MAMBO YALIYOTOKEA NYUMBANI

Tuanze na mambo ambayo yametokea kweli, ili mtu asiseme kwamba tunatishana.

Aprili 2020, mto Ruzizi ulivunja kingo zake ukaingia Gatumba, karibu na mpaka wa Kongo. Maelfu ya familia walikimbia nyumba zao, na wengi walikaa katika mahema kwa muda mrefu. Mwezi huohuo wa Aprili 2020, ng'ambo ya ziwa, mji wa Uvira ulipigwa na mafuriko ya mto Mulongwe. Watu wengi walikufa na nyumba nyingi zilibomoka.

Mwaka 2021, ziwa lenyewe lilipanda. Maji yaliingia katika mitaa ya Bujumbura iliyo karibu na ziwa, na huku Rumonge yaliingia katika nyumba za mtaa wa Kanyenkoko na sehemu nyingine za chini. Mwaka 2024 yalipanda tena. Tarehe 16 Aprili 2024 serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa dunia, wakasema kwamba tangu Septemba 2023 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamepatwa na madhara ya mvua na mafuriko katika nchi.

Tena si maji ya ziwa peke yake. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua kubwa ilinyesha kaskazini ya Bujumbura, na maji yaliyoshuka kutoka milimani yaliua watu zaidi ya 60 usiku mmoja, wengi wakiwa wamelala. Tarehe 29 Machi 2015, mlima uliporomoka Gitaza, katika barabara namba 3 inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge. Nyumba zilizikwa, barabara ikakatika, na magari ya kutoka kusini hayakuweza kupita.

Kwa hiyo mtu wa Rumonge anakaa katikati ya hatari mbili. Mbele yake kuna ziwa linalopanda polepole. Nyuma yake kuna milima inayoweza kushusha maji na udongo kwa dakika chache. Lazima ajue zote mbili, maana maandalizi yake si sawa.

2. KWA NINI ZIWA HUPANDA?

Ziwa Tanganyika ni refu, kiasi cha kilometa 670, na lina kina cha mita 1,470 hivi. Nchi nne zinalizunguka: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Mito mingi inaingia humo: Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, Malagarasi kutoka Tanzania, na mito midogo kama Murembwe na Dama kule Rumonge. Lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, unaopita Kalemie kwenda mto Kongo.

Na mto huo hautoi maji mengi. Sehemu kubwa ya maji, karibu 9 kati ya 10, huondoka kwa jua, yaani yanageuka kuwa mvuke. Fikiri beseni kubwa linalojazwa na mabomba mengi, huku chini lina tundu dogo tu. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, beseni linajaa. Mvua ikipungua, beseni haliwezi kurudi chini siku hiyo hiyo. Ndiyo maana maji ya ziwa yakikuingilia nyumbani, hayakai siku tatu kama maji ya mto; yanaweza kukaa miezi, hata miaka.

Kila mwaka ziwa lina zamu yake. Linakuwa chini karibu na Oktoba au Novemba, na linakuwa juu karibu na Mei, mwishoni mwa mvua. Tofauti yake kwa kawaida ni chini ya mita 1. Mtu anayechagua kiwanja mwezi wa Oktoba anaona ziwa likiwa limerudi nyuma. Afadhali aende kuangalia tena mwezi wa Mei.

Lakini kuna miaka ambayo si ya kawaida. Mwishoni mwa 1961 mvua kubwa sana zilinyesha Afrika Mashariki yote. Ziwa Tanganyika likapanda mwaka hadi mwaka, na mwaka 1964 likafika takriban mita 777 juu ya usawa wa bahari, wakati kiwango chake cha kawaida ni kiasi cha mita 774. Mwaka 2024 lilikaribia tena alama ile ya 1964. Wataalamu wanasema kwamba maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yanapopata joto kupita kiasi, mvua inazidi kwetu. Ilikuwa hivyo 1961, ikawa hivyo mwishoni mwa 2019, na tena 2023.

Mambo ya zamani zaidi nayo yanatufundisha. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, maji yalikuwa karibu sana na mji. Mto Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Karibu na mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi kile, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita nyingi. Leo ukienda Ujiji kwenye ukumbusho ule, lazima utembee ili kulifikia ziwa. Maana yake ni kwamba mpaka wa ziwa si kama mpaka wa nchi uliowekwa mawe. Unasogea.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Ziwa likipanda mita 3 juu ya kawaida, maji yatafika wapi? Inategemea mteremko wa ardhi. Kama ukitembea hatua 100 kutoka ufukweni unapanda kiasi cha urefu wa mtoto wa miaka 4, yaani mita 1, basi maji yatasogea kama hatua 300. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani. Sheria hiyo ni nzuri na tuitii. Lakini mnaona wenyewe kwamba mahali palipo tambarare, hata mita 150 hazitoshi kumwokoa mtu. Angalia kimo cha ardhi, usiangalie umbali peke yake.

3. MAJI YA JUU: MITO NA MILIMA

Rumonge ilikuwa mkoa kuanzia 2015. Tangu mabadiliko ya 2025 ni komini katika mkoa wa Burunga. Barua za serikali zinabadilika, lakini ardhi ni ileile: uwanda mwembamba wa Imbo kando ya ziwa, na nyuma yake milima ya Mumirwa inayopanda kwa ghafla. Mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka kwa kasi sana kwa sababu njia ni fupi na mteremko ni mkali. Hata kama kwako jua linawaka, mto unaweza kujaa kwa sababu ya mvua ya juu.

Ubaya unaongezeka pale ambapo miti imekatwa. Watu wanakata miti kwa ajili ya kuni, makaa, mashamba na kukamua mawese. Udongo uliokosa mizizi hauna wa kuushika. Unashuka na kuziba mitaro na mito, na maji yanatafuta njia nyingine, mara nyingi katikati ya nyumba za watu.

Mlima haubomoki bila kutoa dalili. Zijueni dalili hizi:

- Nyufa mpya katika ardhi juu ya nyumba, au kuta zinazopasuka bila sababu.
- Mlango au dirisha lililokuwa likifunga vizuri, sasa linagoma.
- Miti au nguzo zinazoanza kuinama.
- Chemchemi mpya inayotokea mahali palipokuwa pakavu, au maji safi yanayogeuka kuwa tope.
- Mto unaopungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hii ni dalili mbaya kuliko zote. Maana yake udongo umeziba mto huko juu, na ukizibuka maji yatakuja yote kwa pamoja.

Mkiona dalili hizi, msingoje asubuhi. Ondokeni, tena msikimbie kufuata korongo, pandeni pembeni.

4. JE, NI ADHABU YA MUNGU?

Kuna wahubiri wanaosema kwamba watu wa Gatumba au wa Rumonge walipatwa na mafuriko kwa sababu ya dhambi zao. Tusome Luka 13:1-5. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa. Yesu aliulizwa kuhusu misiba, akakataa kabisa wazo kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Aliwageuzia wasikilizaji maneno hayo, wajiangalie wenyewe kwanza.

Katika mafuriko ya Gatumba, maji yaliingia kwa mlevi na kwa mwombaji. Yaliingia makanisani na misikitini. Tukimwambia mama aliyepoteza mtoto kwamba ni kosa lake, tunaongeza jiwe juu ya mzigo wake. Tena tunafunga macho yetu tusione sababu ambazo tunaweza kuzirekebisha: mtaro uliozibwa, mlima uliokatwa miti, nyumba iliyojengwa ndani ya njia ya mto.

Sisi wakimbizi tunajua vizuri jinsi inavyouma mtu akikuambia kwamba mateso yako umeyataka mwenyewe. Basi tusiwafanyie wengine hivyo.

5. JE, KUJIANDAA NI KUKOSA IMANI?

Upande wa pili kuna ndugu wanaosema, "Mimi namtegemea Mungu, atanilinda, sihitaji kujiandaa." Maneno hayo yanasikika kama imani, lakini Biblia haifundishi hivyo.

Yusufu alijua kwamba njaa inakuja. Hakukaa akiomba tu. Alishauri kwamba sehemu ya tano ya mavuno iwekwe ghalani miaka yote 7 ya shibe (Mwanzo 41). Yeye alikuwa mtu wa Mungu kweli, na ghala zake ndizo zilizowaokoa hata ndugu zake waliomuuza.

Kanisa la Antiokia lilisikia kwa nabii Agabo kwamba njaa itakuja. Halikungoja watu waanze kufa. Kila mmoja alitoa kadiri alivyoweza, na mchango ukapelekwa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli (Matendo 11:27-30). Hiyo ilikuwa kamati ya maafa ya kwanza ya kanisa!

Na Mithali 22:3 inamsifu mtu mwenye busara kwa kuwa anaiona hatari na kujificha. Haimwiti mwoga.

Katika Mathayo 7, Yesu alitaja nyumba mbili. Angalieni vizuri: mvua ilikuwa ileile, mafuriko yaleyale, upepo uleule. Tofauti ilikuwa msingi. Tunajua kwamba Yesu alikuwa akisema juu ya kuyasikia maneno yake na kuyatenda. Lakini alichagua mfano ambao kila mjenzi aliujua. Aliyejenga juu ya mchanga alijenga haraka na kwa gharama ndogo, labda hata akawacheka wenzake. Mpaka mvua iliponyesha.

6. KABLA YA KUJENGA: MASWALI MATANO

Tunajua taabu ya mtu anayerudi. Mara nyingine anakuta shamba la baba yake lina mtu mwingine. Kesi za ardhi Rumonge zimekuwa nyingi kwa miaka mingi, na zinachelewa. Wakati huo watoto wanahitaji pa kulala. Ndipo mtu anachukua kipande chochote kilichobaki, na kilichobaki mara nyingi ni ukingo wa ziwa au ukingo wa mto. Hatumlaumu. Lakini tunamsihi aulize maswali haya kabla ya kusimamisha ukuta:

(1) Mwaka 1964, 2021 na 2024 maji yalifika wapi? Waulize wazee wa mtaa na wavuvi. Angalia alama za tope kwenye kuta na kwenye miti.

(2) Mahali hapa mwezi wa Mei panakuwaje?

(3) Nyuma yangu kuna korongo au mto? Maji yake yakizidi yatapita wapi?

(4) Kwa nini kiwanja hiki kimebaki wazi, au kwa nini kinauzwa kwa bei rahisi?

(5) Usiku, kukiwa na giza, tutakimbilia wapi kwa miguu, na njia hiyo haivuki mto?

Kama huwezi kupata mahali pengine, basi jenga kwa tahadhari. Inua msingi kwa mawe. Matofali mabichi yakilowa chini yanalainika, na ukuta unaanguka hata kama maji ni ya kimo cha goti tu. Chimba mtaro kuzunguka nyumba. Choo kiwe mbali na kisima na kiwe upande wa chini. Usiweke mali yako yote katika nyumba ya chini. Chakula cha akiba na mbegu zikae kwa ndugu aliye juu. Na mwambie ukweli mke wako au mume wako kwamba hapo ni pa muda.

Panda miti au majani yenye mizizi mingi kwenye kingo na mteremko. Miche ya leo itawalinda wajukuu.

7. MAANDALIZI YA KILA NYUMBA

Haya yanafaa Rumonge, na yanafaa hata hapa makazini, maana hapa pia tuna upepo, mvua na moto. Jioni moja inatosha kuyafanya.

Kwanza, familia ikae pamoja na kupatana: nani atambeba bibi? Nani atashika mtoto mchanga? Nani atamwita jirani asiyesikia au asiyeona? Tukipotezana, tutakutana wapi? Watoto wajue majina kamili ya wazazi wao na jina la mahali pa kukutania. Sisi tuliopotezana na watoto wetu njiani wakati wa kukimbia, hatuhitaji kuelezwa faida ya jambo hili.

Pili, mfuko mmoja uwe tayari karibu na mlango. Ndani yake weka: vitambulisho, karatasi za ukimbizi au za kurudi, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, karatasi za shamba na vyeti vya shule, vyote vikiwa vimefungwa ndani ya nailoni mbili. Ongeza dawa za anayetumia dawa kila siku, tochi, kiberiti kilichofungwa kisilowe, chumvi, sukari, sabuni, kitambaa cha kujifunika, na fedha kidogo. Mtu aliyepoteza karatasi zake anajua miezi mingapi inapotea ofisini.

Tatu, chombo cha maji safi chenye mfuniko, kama kidumu cha lita 20, kisikose maji wakati wa mvua nyingi.

Nne, sikilizeni redio. Burundi taasisi ya IGEBU ndiyo inayofuatilia hali ya hewa. Wajueni pia watu wa Msalaba Mwekundu wa kilima chenu na shefu wa kilima. Andikeni namba zao za simu kwenye karatasi, si ndani ya simu tu, maana simu huzimika.

Tano, pimeni ziwa wenyewe. Pigilia kigingi kwenye ukingo wa maji kila Jumapili baada ya ibada, na andika tarehe. Baada ya wiki chache utaona kama maji yanakuja au yanarudi. Kazi hii vijana wa kwaya wanaweza kuifanya bila senti moja.

8. SAA YA HATARI

Maji ya ziwa yanatoa muda. Mtu anayepuuza ndiye anayekamatwa. Maji yakifika kwa jirani wa chini yako, anza kuhamisha mali wakati njia ni kavu. Usingoje yaingie mlangoni ndipo utafute gari.

Maji ya mto hayatoi muda. Ukisikia mngurumo kutoka juu, acha mali, shika watu, panda juu. Usivuke mto uliojaa kwa miguu wala kwa baiskeli. Maji yaendayo kasi yakifika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usirudi kuchukua kuku au godoro. Mungu atakupa kuku wengine.

Wavuvi wa ndagala na mukeke: mawingu meusi na upepo vikianza, rudini mapema. Samaki watakuwepo kesho. Na maji yakiingia mitaani, waangalieni watoto, maana viboko na mamba huyafuata maji hayo. Mtoto asichezee humo, wala mama asiteke maji humo alfajiri au jioni akiwa peke yake.

9. BAADA YA MAJI

Hatari ya pili huja wakati watu wanadhani wameokoka. Vyoo vimejaa, visima vimeingiliwa, na kipindupindu kinafuata. Wengi mnakumbuka Kagunga, Mei 2015. Makumi ya maelfu ya watu kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji kile kidogo kando ya ziwa, wakingoja meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma. Watu walikunywa maji ya ziwa yaliyochafuliwa, vyoo havikuwepo vya kutosha, na kipindupindu kiliua watu wapatao 30 kwa muda mfupi. Hao walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka na kuiacha hatari nyuma yao. Maji machafu ndiyo yaliyowaua.

Basi tushike haya:

- Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya kutibu maji kama mlivyoelekezwa. Kama hakuna kuni wala dawa, jaza maji yasiyo na tope katika chupa safi zinazopitisha mwanga, zilaze kwenye jua kali angalau saa 6.
- Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Sabuni ikikosekana, tumia majivu.
- Mtu akianza kuharisha maji mengi, mpe maji ya chumvi na sukari mara moja: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo, huku mkimpeleka kituo cha afya bila kuchelewa. Mtoto anyaye aendelee kunyonya.
- Msirudi ndani ya nyumba ya matofali mabichi kabla haijakauka na kuangaliwa. Kuta nyingi huanguka maji yakiwa yamekwisha kuondoka.

10. KAZI YA KANISA NA KAZI YA WAZEE

Mtu aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964 sasa amepita miaka 70. Wazee kama hao bado tunao. Wao waliona kwa macho yao maji yalipofika: mti gani, njia gani, nyumba ya nani. Lakini mwaka 1972 wengi wao walitawanyika, wakaja Ulyankulu, Katumba, Mishamo na kwingineko. Walioingia baadaye katika ardhi ile hawakuwa na wa kuwauliza. Kwa hiyo habari ya maji ilitoka Rumonge pamoja na wazee wetu, na mpaka leo imo vichwani mwao, huku makazini.

Mzee akifa bila kuulizwa, tunazika na habari hiyo. Ndiyo maana tunaomba kila kundi la nyumba kwa nyumba lifanye kazi hii mwezi huu: vijana wawili waende kwa kila mzee aliyetoka mwambao, wamwamkie kwa heshima, na kumwuliza maji ya 1964 yalifika wapi katika kilima chake. Waandike jina la kilima, mto ulio karibu, na alama aliyoitaja. Daftari likae kwa katibu wa kanisa. Familia itakayorudi ipewe nakula yake. Huo utakuwa urithi mkubwa kuliko ndoo na blangeti.

Pia tunapendekeza kila kanisa la mtaa liwe na kapu la maafa, kama walivyofanya watu wa Antiokia. Kikombe kimoja cha unga au cha maharage kwa kila nyumba kila mwezi si kingi. Lakini nyumba 50 zikitoa, ni vikombe 50, na familia iliyobomokewa haitalala njaa usiku wa kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MAKUNDI

1. Yesu alijibu nini kuhusu watu 18 wa Siloamu? Jibu lake linatufundisha tuseme nini kwa waliopatwa na mafuriko?
2. Katika Mathayo 7, kitu gani kilikuwa sawa kwa wajenzi wote wawili? Kitu gani kilikuwa tofauti?
3. Katika kundi lenu, nani anatoka karibu na ziwa, na nani anatoka milimani? Kila mmoja aeleze hatari ya kwao.
4. Nyumbani kwenu, nani atambeba asiyeweza kutembea? Mtakutana wapi?
5. Ndugu anataka kujenga ufukweni kwa sababu hana ardhi nyingine. Kanisa linaweza kumsaidia kwa njia gani, zaidi ya kumwambia "usijenge"?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya Jumapili ijayo, kila familia itayarishe mfuko wake na kumwonyesha mzee wa kanisa anayewatembelea.

SALA

Ee Mungu Baba, wewe uliyeziumba bahari na maziwa, wakumbuke ndugu zetu walio katika mahema kwa sababu ya maji. Wape wale wanaorudi mahali pa kujenga palipo salama na majirani wema. Wape wazee wetu uhai wa kutusimulia, na vijana wetu masikio ya kusikiliza. Utufundishe kujiandaa bila hofu na kukutumaini bila uvivu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.